Kinda au chipukizi?

Timu ya soka ya Dodoma Jiji inapocheza Uwanja wa Jamhuri, mchezaji mwenye umri mdogo huwa na majina mawili magazetini: kinda na chipukizi. Waandishi huyatumia kwa kubadilishana, ilhali hayana asili moja.

Kinda ni mtoto wa ndege. Wingi wake makinda. Neno hili hutaja umri tu: bado hajakomaa. Chipukizi limetokana na kuchipuka, na ndani yake mna dai kwamba kitu kimeanza kukua. Kwa hiyo si kila kinda ni chipukizi.

Dai hilo lataka ushahidi, na idadi ya mabao pekee haitoshi. Winga mwenye mabao matatu katika dakika 270 anafunga moja kila dakika 90. Mwenzake mwenye matatu katika dakika 1,350 anafunga moja kila dakika 450. Hata huyo wa kwanza tusimkimbilie kwa sifa: dakika 270 ni mechi tatu tu, na bao moja la bahati hugeuza hesabu nzima.

Na ukuaji huchukua muda: mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta alijiunga na klabu ya TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani aliyotwaa ilikuwa ya mwaka 2015.

Basi, ndugu waandishi wa michezo, umri ukijulikana andikeni kinda. Chipukizi lisubiri takwimu za msimu mzima.