Akagera: Mbuga Iliyopata Mbia

Kutoka kilima cha Rebero, kusini mwa Kigali, bonde la Nyabarongo linaonekana vizuri. Maji yake huishia katika mto Akagera, unaopita mpakani mwa hifadhi yenye jina hilohilo, iliyotengwa na Wabelgiji mwaka 1934.

Hifadhi ya leo si ile ya 1934. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi wa miaka mingi walirudi na ng'ombe wao, na mwaka 1997 serikali ikawakatia ardhi humo. Kutoka kilomita za mraba takriban 2,500 zikabaki kama 1,100. Sioni wangepelekwa wapi kwingine. Lakini simba na ng'ombe hawakai zizi moja: wafugaji waliwatilia simba sumu hadi wakaisha. Kifaru wa mwisho alionekana mwaka 2007.

Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliunda kampuni ya ubia na shirika la uhifadhi la African Parks kuiendesha mbuga. Kazi kubwa ya mwanzo haikuwa hoteli. Ilikuwa uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi, uliokamilika 2013, na mkulima aliyekuwa akikesha kulinda mahindi yake dhidi ya nyati alifaidika kabla ya mtalii yeyote. Simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, vifaru weusi 18 wakafuata 2017. Mapato ya utalii, yaliyokuwa kama dola 200,000 mwaka 2010, yalifika milioni 2.5 mwaka 2019. Karibu nusu ya wageni walikuwa Wanyarwanda, na kiingilio nafuu kwa raia kilichangia.

Mwaka huohuo wa 2019 kampuni ya Wilderness ilifungua kambi ya Magashi humo mbugani, kando ya ziwa Rwanyakazinga. Mahema yake ni machache na bei yake ni ya wageni wa mbali. Humo raia huingia zaidi kama mpishi au dereva. Kule Kinigi, kaskazini mwa Rwanda, chini ya volkano, mambo yalipangwa vingine: Sabyinyo Silverback Lodge ni mali ya SACOLA, jumuiya ya wanakijiji, na kampuni ya kitalii huiendesha tu. Kwa nini Akagera haikuanza hivyo?

Machi 2020 korona ilifunga mipaka, mapato yakakauka, na mishahara ya askari wa wanyamapori ikategemea wafadhili. Mwaka huo huo serikali iliikabidhi African Parks msitu wa Nyungwe, kwa miaka 20.