Kompyuta Mbili za Mosoriot: Nani Alikula Zile Dakika?

Siku hizi ukisikia "kumbukumbu za afya za kielektroniki" unawaza Nairobi, simu kali na akili mnemba. Kumbe Kenya hadithi hii ina kurasa za zamani, na mojawapo iliandikwa kijijini.

Mosoriot iko Nandi, si mbali na Eldoret. Kabla ya 2001, mgonjwa aliyefika kwenye kituo cha afya pale aliandikwa, akaandikwa tena. Kila kliniki na rejista yake: jina lilelile, ugonjwa uleule. Wino unaisha, kazi haiishi.

Februari 2001 watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, wakaleta mfumo mpya. Usidhani ni mitambo ya ajabu. Ni kompyuta mbili, programu ya Microsoft Access, na umeme wa akiba ukiwemo wa sola, maana stima ya kijijini ikitaka kupotea haipigi hodi. Mhudumu hakunyang'anywa kalamu. Alijaza fomu moja tu ya karatasi, kisha karani akaingiza yote kwenye mashine.

Makarani hao hakuna aliyewaimba, lakini ndani ya miezi 6 kumbukumbu za ziara 10,000 za wagonjwa 6,190 zilikuwa zimeingia.

Watafiti walipima muda kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ikawa fupi kwa asilimia 22. Safi kabisa! Ila kuna utamu na uchungu hapo: muda wa mgonjwa na mhudumu ulishuka kwa asilimia 58. Na wafanyakazi wa kituo? Walipata nafasi zaidi ya shughuli zao binafsi. Huenda sehemu ya dakika zilizopungua ilikuwa ya kujaza rejista tu, hakuna aliyezililia. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hakupewa dakika hizo ili aulize swali la pili.

Mbegu ya Mosoriot haikufa. Vita dhidi ya UKIMWI vilipopamba moto magharibi mwa Kenya, faili za karatasi zilizidiwa. Mtu anayemeza dawa maisha yake yote anahitaji mhudumu ajue alianza lini, alibadilishiwa nini, alikosa kuja siku gani. Mwaka 2004 likazaliwa wazo la OpenMRS, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Kufikia 2006 ilikuwa kazini Eldoret, na baadaye ikasambaa nchi nyingi.

Leo safari ni ndefu zaidi. Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023, na nia ni taarifa za mgonjwa zimfuate kutoka kituo hadi kituo. Kesho mashine itasikiliza mazungumzo na kujiandikia yenyewe. Dakika nyingi mno zitaokolewa.

Wakubwa watazitaka dakika hizo wapange wagonjwa wengi zaidi kwa siku. Mhudumu aliyechoka atazitaka apumue, na ana haki. Mgonjwa hayupo kwenye kikao cha kuzigawa. Mosoriot ilishaonyesha kwamba asipotengewa fungu lake mapema, kompyuta haitamkumbuka yenyewe.