Hati ya Kubuni na Historia ya Kweli: Namna ya Kusoma Riwaya za Mafumbo

Utangulizi

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Raha ya riwaya za kuvunja msimbo imo ndani ya methali hiyo. Msomaji hupewa hati ya kale, mchoro, au mfuatano wa namba, kisha hukimbizwa pamoja na shujaa kutoka kanisa moja hadi makumbusho mengine mpaka siri ifichuke. Njiani hujifunza majina ya wachoraji, tarehe za vita na kanuni za hisabati. Anapofunga kitabu huhisi amesoma riwaya na historia kwa wakati mmoja.

Makala hii inachunguza hisia hiyo. Hoja yake ni kwamba riwaya za aina hii hufundisha mengi, ila zina mbinu moja ambayo mwanafunzi wa historia lazima aitambue: hati ya kubuni inayowekwa mbele ya msomaji kana kwamba ni ushahidi. Nitatumia riwaya mbili zilizotenganishwa na zaidi ya miaka 100. Ya kwanza ni ile ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ya pili ni The Da Vinci Code ya Dan Brown. Kisha nitaeleza wafumbuzi wa kweli walivyofanya kazi, wakiwemo waliofanyia kazi yao Mombasa.

Ramani iliyoandikwa kwa damu

H. Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika utawala wa kikoloni kusini mwa Afrika, alichapisha King Solomon's Mines mwaka 1885. Safari yote ya riwaya hiyo inaanzia kwenye kipande cha nguo. Juu yake, Mreno mmoja anayekufa kwa njaa mlimani mwaka 1590 amechora ramani na kuandika maelezo kwa damu yake mwenyewe. Haggard hakutosheka kuitaja tu. Msomaji alionyeshwa ramani yenyewe na maneno ya Mreno huyo, kana kwamba mchapishaji ameitoa kwenye sanduku la nyaraka. Mreno, nguo na damu vyote vilitoka kichwani mwa mwandishi.

Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu wasomaji wa Ulaya walikuwa tayari kuamini. Mwaka 1871 msafiri Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Aliona kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, akakataa kwamba Waafrika wangeweza kuzijenga. Alichukua kibanzi cha boriti ya mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana. Penseli yake ilikuwa ya mwerezi; kwa hiyo boriti nayo ni mwerezi; mwerezi hutoka Lebanoni; basi waliojenga ni watu wa nyakati za Suleimani na Malkia wa Sheba. Boriti ile ilikuwa ya mti wa huko huko kusini mwa Afrika.

Tutazame vizuri mlolongo wa mawazo ya Mauch, kwani ndio mlolongo wa shujaa wa riwaya: ishara moja ndogo, ufanano mmoja, kisha kuruka hadi kwenye siri kubwa. Katika riwaya mwandishi ndiye aliyeificha siri, kwa hiyo kila ishara hufika penye jibu. Katika historia hakuna mwandishi wa namna hiyo. Ishara inaweza kutufikisha popote tunapotaka kwenda, na Mauch alifika alikotaka.

Wanaakiolojia walikuja kuchimba. David Randall-MacIver alichunguza magofu hayo mwaka 1905, akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimba tena mwaka 1929, akitazama matabaka ya udongo, vyungu na shanga zilizokuwa chini ya kuta, akafikia jibu lile lile. Mwaka huo huo wa 1929 ndio tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Haggard, iliyofanywa na Frederick Johnson, ilipotoka. Hivyo, wakati ushahidi wa udongo ulipokuwa ukirudisha Zimbabwe Kuu kwa wenyewe, msomaji wa Afrika Mashariki alikuwa akipewa hadithi iliyojengwa juu ya imani ya zamani. Sisemi tafsiri ile haikuwa na faida. Inatajwa katika historia ya nathari ya Kiswahili, na wengi waliipenda. Ninachosema ni kwamba hadithi husafiri haraka kuliko ripoti ya uchimbaji.

Utajiri wa kweli wa mahali pale ulipatikana katika kitu kidogo. Miongoni mwa vitu vilivyokutwa Zimbabwe Kuu imo sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Sarafu hiyo haikuhitaji ramani ya damu. Inatuambia kwamba watu wa bara na watu wa pwani yetu walikuwa katika mtandao mmoja wa biashara, dhahabu ikishuka Sofala na Kilwa, shanga na vyombo vya ng'ambo vikipanda bara.

Hati za Paris

Tuje kwenye The Da Vinci Code, iliyotoka Machi 2003 na kuuza makumi ya mamilioni ya nakala. Kabla ya sura ya kwanza, Brown ameweka ukurasa wenye kichwa kinachosema yafuatayo ni ukweli. Humo anadai kwamba chama cha siri cha Priory of Sion kilianzishwa mwaka 1099, na kwamba hati zake ziligunduliwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa.

Hati hizo zipo kweli maktabani. Tatizo ni jinsi zilivyoingia humo. Priory of Sion iliandikishwa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake katika mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi. Katika miaka ya 1960 Plantard na rafiki yake Philippe de Chérisey walitunga nyaraka za kuonyesha kwamba chama hicho ni cha kale na kwamba Plantard ni wa ukoo wa wafalme, kisha nyaraka zikawekwa maktabani zipate kuonekana za kuaminika. Mwaka 1993, alipohojiwa na hakimu, Plantard alikiri kwamba mambo hayo yalikuwa ya kubuni. Riwaya ilitoka miaka 10 baadaye.

Hapa kuna funzo kubwa kwa mwanafunzi yeyote anayeandika tasnifu. Kuwekwa katika maktaba au hifadhi ya nyaraka hakuifanyi hati kuwa ya kweli. Lazima tuulize nani aliileta, lini, na alitaka kupata nini.

Madai ya riwaya hiyo kuhusu sanaa nayo yanapimika. Brown anasema piramidi ya kioo ya Louvre ina vioo 666. Hesabu inayotolewa na makumbusho ni 673. Anasema mtu aliye upande wa kuume wa Yesu katika mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, uliochorwa ukutani Milano kati ya takriban 1495 na 1498, ni mwanamke. Wanahistoria wa sanaa hutukumbusha kwamba wachoraji wa Firenze walizoea kumchora Yohana akiwa kijana asiye na ndevu, na kwamba Leonardo alifuata desturi hiyo. Bila kuijua desturi, jicho la leo huona siri mahali ambapo watu wa karne ya 15 waliona jambo la kawaida.

Pamoja na hayo, kitabu kina vipande vya elimu ya kweli. Mfuatano wa Fibonacci unaotumika ndani yake unatokana na Leonardo wa Pisa, aliyeandika Liber Abaci mwaka 1202. Mtu huyo alijifunza namba za Kihindi na Kiarabu akiwa kijana huko Bugia, mji ambao leo ni Béjaïa nchini Algeria. Msimbo wa Atbash nao ni wa kweli: herufi ya kwanza ya alfabeti ya Kiebrania hubadilishwa kwa ya mwisho, ya pili kwa ya mwisho kasoro moja, na kuendelea. Ndiyo njia inayoeleza jina Sheshaki katika kitabu cha Yeremia, ambalo likifumbuliwa hutoa Babeli. Msomaji aliyeanza na riwaya akaishia kutafuta mambo haya hakupoteza muda wake.

Kesi na hukumu yenye fumbo

Mwaka 2006 waandishi Michael Baigent na Richard Leigh walimshtaki mchapishaji wa Brown mjini London. Walidai riwaya hiyo imechukua kiini cha kitabu chao cha mwaka 1982, kilichoeneza habari za hati za Plantard kama utafiti wa kihistoria. Mahakama ilitupa madai yao. Walijikuta mahali pagumu: kama waliyoandika ni historia, basi ni mali ya kila mtu, na mtunzi wa riwaya anaruhusiwa kuyatumia, ili kuyadai kama mali yao ingewalazimu karibu waseme waliyabuni.

Jaji Peter Smith naye alijiingiza mchezoni. Ndani ya hukumu yake aliandika herufi chache kwa mlazo, na wanasheria walipozikusanya wakakuta ni ujumbe wa siri, unaofumbuliwa kwa mfuatano wa Fibonacci, kuhusu amiri Jackie Fisher na manowari Dreadnought. Lilikuwa fumbo la kweli, kwa sababu aliyelificha alikuwapo na angeweza kusema kama jibu ni sahihi.

Wafumbuzi wa kweli

Sayansi ya kufumbua maandishi ya siri ina historia yake. Katika karne ya 9 mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad alieleza kwamba katika kila lugha kuna herufi zinazojirudia zaidi ya nyingine. Ukihesabu alama za maandishi ya siri na kuzilinganisha na herufi za lugha yenyewe, utaanza kuyasoma. Kwa Kiswahili tungeanza na alama inayojirudia kuliko zote na kukisia kuwa ni a. Huko ni kuhesabu, si kubahatisha, na jibu lisilo sahihi hujionyesha mara moja, kwa kuwa maneno hayasomeki.

Kazi hiyo iliwahi kufanywa pwani yetu. Mwezi Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa majini wa Japani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Mawimbi ya redio yalikuwa yakifika hafifu kutokana na umbali. Hata hivyo, mwaka huo huo, kosa lililofanywa na Wajapani katika kutuma ujumbe liliwapa wafumbuzi ufunguo wa msimbo wa JN-40 uliotumiwa na meli za biashara, na kufikia Novemba walikuwa wakiusoma. Hapakuwa na mchoro wala hekalu. Palikuwa na karatasi, namba, joto la Mombasa, na subira. Mwaka 1943 kituo kilirudi Colombo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda mtu akasema riwaya ni burudani, tuiache. Ningekubali kama hati za kubuni zingebaki katika riwaya. Itifaki za Wazee wa Sayuni, zilizodai kufichua njama ya Wayahudi ya kuitawala dunia, zilithibitishwa mwaka 1921 na gazeti la The Times la London kuwa zimenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kisichohusu Wayahudi hata kidogo. Uthibitisho huo haukuwazuia Wanazi kuzitumia.

Katika eneo letu la Maziwa Makuu, John Hanning Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa falme alizozikuta walitokana na wageni kutoka upande wa Ethiopia. Aliegemea sura za watu na hadithi ya Biblia. Ushahidi hakuwa nao. Mawazo hayo yaliingia katika vitabu vya shule vya wakoloni, na katika miaka iliyotangulia 1994 wachochezi nchini Rwanda waliyatumia kuwaambia Watutsi kwamba hii si nchi yao. Ni ruka ile ile ya Mauch, kutoka ishara hadi siri kubwa, na safari hii ililipiwa kwa maisha ya watu.

Umberto Eco aliliona hilo. Katika Foucault's Pendulum ya mwaka 1988, wahariri watatu wa Milano wanaunganisha kila kitu na kila kitu kwa mzaha mpaka wanapata njama moja ya dunia nzima, kisha watu wanaiamini na mzaha unageuka mauti. Ningependa kila anayemsoma Brown amsome na Eco.

Hitimisho

Riwaya za mafumbo zina nafasi katika masomo yetu. Humtoa msomaji darasani na kumpeleka Milano, Louvre na Zimbabwe Kuu, na humfanya atake kujua. Napendekeza walimu wa historia na wa fasihi wazitumie pamoja: kundi moja la wanafunzi liorodheshe madai ya riwaya, jingine litafute chanzo cha kila dai. Maswali ni machache. Hati hii ilitoka wapi? Nani alinufaika nayo? Je, kuna ushahidi wa aina nyingine, kama sarafu, vyungu au udongo, unaokubaliana nayo? Na je, lipo jambo ambalo likipatikana lingeonyesha kwamba tafsiri yetu ni potofu? Methali nyingine husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mtunzi wa riwaya hiyo inatosha. Kwa mwanafunzi wa historia, lisemwalo linabaki dai mpaka chanzo chake kijulikane.