Matone ya Mjukuu

Kwetu Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, surua ilimchukua mdogo wangu akiwa na mwaka mmoja. Wazee walisema ni kudra ya Mungu, nami nikaafiki. Ukubwani nilisoma utafiti wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1987. Watoto 180 waliolazwa kwa surua walitibiwa kama kawaida, ila 88 kati yao waliongezewa vitamini A siku mbili mfululizo. Kwa wenye umri chini ya miaka 2, alikufa 1 katika waliopewa vitamini, na 7 katika wasiopewa. Vitamini si dawa ya kila ugonjwa: mwaka 2022, jaribio la vitamini C kwa mahututi wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili, halikuwafaa. Lakini nimpelekapo mjukuu kupewa matone yake, kudra siitaji tena upesi.