Hewa inayopotea njiani: historia fupi ya tabo na moshi mweusi

Haya wasomaji wangu, leo siasa naiweka pembeni. Nina kisa cha gari la kaka yangu.

Gari lina tabo. Ukikanyaga mafuta linatoa moshi mweusi, nguvu hakuna, petroli inakwisha kama maji. Fundi wa kwanza akasema tabo imekufa, nunua nyingine. Kaka alikuwa tayari kutoa pesa alizoweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Nikamwomba asubiri siku mbili, nikaenda kusoma.

Chanzo cha yote ni Mswisi, Alfred Büchi. Mwaka 1905 alisajili hataza ya kutumia moshi wa injini kuzungusha feni inayosukuma hewa ndani. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Ilimchukua miaka 20: mwaka 1925 ndipo alipofaulu kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40.

Magari madogo yalipata tabo mwaka 1962 huko Marekani: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Sasa nisikilize hapa. Kwenye magari yale kabureta ilikaa kabla ya tabo. Hewa na petroli vilichanganywa kwanza, kisha vikasukumwa pamoja. Bomba likivuja, vinavuja vyote viwili. Hatari ya moto ipo, lakini uwiano wake haubadiliki.

Miaka ya 1970 mpangilio ukageuka. Saab 99 Turbo, iliyooneshwa mwaka 1977, ilipima hewa mwanzoni, kabla ya tabo, na kumwaga petroli mwishoni, karibu na valvu. Magari mengi yaliyofuata yakashika njia hiyo, kazi ya kuhesabu ikichukuliwa na kompyuta. Basi kati ya kipimo na nozo pakawa na mipira, klipu na intakula, ile rejeta ndogo ya kupozea hewa. Hewa ikitoroka hapo, kompyuta haina habari. Inatoa petroli kwa hewa iliyohesabiwa, siyo iliyofika. Kilo moja ya petroli huhitaji hewa karibu kilo 14.7. Hewa ikipungua sana, ndiyo huo moshi mweusi.

Cha ajabu, gari likiunguruma limesimama mambo hugeuka. Injini inavuta, tundu lilelile linaingiza hewa isiyopimwa, petroli inaonekana kidogo, gari linatetemeka.

Siku ya tatu tukaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji mtaani. Nikamwamkia, nikamweleza niliyoyasoma. Akacheka: "Mwanangu, huo ni mpira tu."

Akaziba mdomo wa tabo kwa kizibo, akajaza upepo kidogo wa kompresa, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakachemka chini ya intakula. Mpira ulikuwa umepasuka upande usioonekana. Tukanunua mpira mmoja na klipu mbili, akasafisha plagi zilizokuwa nyeusi tii, basi.

Fundi wa kwanza simwiti mwizi. Aliuona moshi, hakuuliza hewa ilihesabiwa wapi na petroli inamwagwa wapi. Nawe ukiambiwa tabo imekufa, dai kwanza maji ya sabuni.

Ada ya mtoto imelipwa. Wikiendi njema!