Kivuli cha Mwezi Juu ya Babeli: Hesabu za Falaki na Ushahidi wa Maneno

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi wanafalaki wanavyotafuta njia ya kivuli cha mwezi katika kupatwa kwa jua kwa zamani, na hasa nafasi ya neno, liwe limeandikwa au limesimuliwa, katika hesabu hizo. Huenda msomaji akauliza: wanalugha wana shughuli gani na mwendo wa mwezi? Jibu letu ni kwamba mwanafalaki anayehesabu tukio la miaka elfu mbili iliyopita hufika mahali ambapo tarakimu zake haziwezi kumvusha. Hapo hana budi kumwendea msomaji wa maandishi ya kale.

Tuanze na misingi. Jua hupatwa kikamilifu pale mwezi unapopita baina yake na dunia ukaliziba lote. Kivuli chenye giza totoro huugusa uso wa dunia kama doa, na doa hilo huchora ukanda wenye urefu wa maelfu ya kilometa, lakini ambao upana wake kwa kawaida haufikii kilometa 300. Aliyemo ndani ya ukanda huona mchana ukigeuka usiku na nyota zikijitokeza. Aliye nje huona jua limemegwa tu, na pengine hata asitambue kwamba kuna jambo. Kwa hiyo kauli kwamba mahali fulani nyota zilionekana mchana ni zaidi ya maelezo ya ajabu. Ni kipimo cha mahali.

Kuijua siku ya tukio si kazi ngumu sana kwa wenye elimu hiyo. Mwaka 1887 Theodor von Oppolzer alichapisha orodha ya kupatwa kwa jua mara 8,000 hivi, kuanzia mwaka 1208 kabla ya Kristo hadi mwaka 2161 baada yake. Ugumu umo katika kujua kivuli kiliangukia wapi, kwa kuwa dunia yenyewe haitulii: huzunguka nyuzi 15 kila saa. Katika latitudo ya Babeli, kosa la dakika moja ya wakati huusogeza ukanda kilometa 23 na nusu hivi. Kosa la robo saa huupeleka zaidi ya kilometa 350, na mji uliokuwa gizani ukajikuta umo katika mwanga.

Kosa hilo hutoka wapi? Mwaka 1695 Edmond Halley, alipolinganisha kumbukumbu za kale na za wakati wake, alidokeza kwamba mwezi ulionekana kuongeza kasi. Mwaka 1754 Immanuel Kant alitoa hoja kwamba maji kujaa na kupwa huisugua dunia na kupunguza mwendo wake. Hoja hizo mbili zilikuja kukutana. Dunia inapopunguza mwendo, siku hurefuka. Naye apimaye mambo ya mbinguni kwa siku hizo hudhani kwamba mbingu ndizo zinazoharakisha. Wakati huohuo mwezi huzidi kwenda mbali nasi, kwa kadiri ya sentimeta 3.8 kwa mwaka, kama ilivyopimwa kwa miali ya leza tangu vioo vilipowekwa mwezini mwaka 1969.

Kurefuka kwa siku ni kudogo mno: takriban milisekunde 1.7, yaani sehemu 1.7 za elfu za sekunde, kwa kila karne. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Tuchukue karne 19 na nusu. Siku ya mwanzo wa kipindi hicho ilikuwa fupi kuliko ya mwisho kwa milisekunde 33 hivi, na kwa wastani siku zote za kipindi zilipungukiwa na nusu ya kiasi hicho. Tukizidisha upungufu huo wa wastani kwa siku 712,000 zilizomo, tunapata sekunde zipatazo 11,800, ambazo ni zaidi kidogo ya saa tatu na robo. Katika muda huo dunia huzunguka takriban nyuzi 49.

Sasa tuitazame Babeli yenyewe. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London yamo mabamba mawili ya udongo, yenye mwandiko wa kikabari, yanayoeleza kupatwa kwa jua kulikotokea tarehe 29 ya mwezi wa nyongeza, mwishoni mwa mwaka wa 175 wa Waseleuko. Kwa kalenda yetu hiyo ni tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo. Waandishi walipima wakati kwa kipimo ambacho sehemu yake moja ni dakika 4, na waliliweka tukio katika sehemu ya 24 baada ya macheo, yaani dakika 96. Walitaja upande wa jua ulioanza kufunikwa. Walitaja kwamba Zuhura na Utaridi zilionekana pamoja na nyota. Zaidi ya hayo, walisema kwamba Mshtarii na Mirihi, ambazo zilikuwa katika kipindi chao cha kutoonekana, zilionekana pia. Shughuli nzima, tangu kuanza hadi kuachiliwa, ilichukua sehemu 35, au dakika 140.

Ikiwa tutahesabu njia ya kivuli cha siku hiyo kana kwamba dunia haijapata kubadili mwendo, tutakuta kwamba ukanda wa giza unapita mbali magharibi ya Babeli, kwa nyuzi 48.8. Katika latitudo ya Babeli, hapo ni Morocco. Walakini mabamba yanashuhudia kwamba Babeli ndiyo iliyoingia gizani. Mmoja kati ya wawili hana budi kukubali kusahihishwa: mwandishi wa Babeli, au dhana ya siku zisizobadilika. F. Richard Stephenson na wenzake, ambao wameyachunguza maandishi haya na mengine mengi kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba kinachosahihishwa ni dhana.

Faida yake haikuishia hapo. Kwa hesabu ya maji kujaa na kupwa peke yake, siku ingalipaswa kurefuka milisekunde 2.3 hivi kwa karne. Ushahidi wa kale unatoa kiasi pungufu. Tofauti hiyo huhusishwa, kwa sehemu kubwa, na nchi za kaskazini zinazoendelea kuinuka tangu zilipotuliwa mzigo wa barafu ya kale. Maneno machache ya mwandishi wa mjini yamekuwa ushahidi wa mambo yaliyomo tumboni mwa dunia.

Lakini si kila maneno huweza kubeba mzigo huo. Bamba la Babeli lina nguvu kwa sababu tatu: mahali panajulikana, tarehe imetajwa bila msaada wa hesabu zetu, na maelezo hayawezi kufaa kupatwa kwa nusu. Tulinganishe na habari ya Herodotus kuhusu vita vya Walidia na Wamedi, ambapo mchana uligeuka usiku. Habari hiyo hunasibishwa na tarehe 28 Mei mwaka 585 kabla ya Kristo, ila Herodotus hataji tarehe wala uwanja wa vita. Anayechagua tarehe kwa kuangalia njia ya kivuli, kisha akaitumia tarehe hiyohiyo kuthibitisha njia, anazunguka mbuyu. Robert R. Newton aliukemea mtindo huo mnamo mwaka 1970, akiuita mchezo wa utambuzi.

Suala hili limetugusa sisi wa Afrika Mashariki pia. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore, katika Uganda ya leo, yanaeleza kwamba Omukama Olimi wa Kwanza aliivamia Nkore wakati wa Ntare Nyabugaro, na kwamba giza lilitanda mchana huko Biharwe, karibu na Mbarara, akarudi nyuma. Sykes, katika jarida la Uganda Journal mwaka 1959, alilihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili mwaka 1520. Mwaka 1965 Richard Gray alitoa ramani za kupatwa kwa jua ili zisaidie kazi za namna hiyo barani.

Hapa mambo yamepinduka. Huko Babeli tarehe inajulikana na mwendo wa dunia ndio unaotafutwa. Biharwe mwendo unajulikana kwa ukaribu, kwani kwa karne tano marekebisho ni ya dakika chache tu, na tarehe ndiyo inayotafutwa. Mahali pamoja hupata giza kamili mara moja katika miaka 375 hivi kwa wastani, lakini eneo la falme kadhaa hupata mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ramani haiwezi kuchagua peke yake: lazima isaidiwe na hesabu ya vizazi vya watawala. David Henige, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kronolojia ya masimulizi, alionya jinsi orodha za watawala zinavyoweza kurefushwa au kufupishwa. Tarehe ya 1520 basi ni hoja inayotegemea nguzo mbili, na uimara wake hauzidi ule wa nguzo iliyo dhaifu.

Nguzo ya maneno ndiyo iliyo mikononi mwetu. Kiswahili husema jua limepatwa, na kitenzi hicho hakitofautishi jua lililozibwa lote na jua lililomegwa ukingoni. Mfasiri akikuta katika lugha nyingine usemi kwamba jua lilianguka au lilikufa, kisha akaandika tu kwamba lilipatwa, amefuta tofauti ambayo mwanafalaki aliihitaji. Na akiongeza neno "kikamilifu" kwa kuwa amekwisha kuiona ramani, amefanya kosa kubwa zaidi, kwa maana ushahidi sasa unakariri lile ulilotakiwa kulipima.

Yafaa basi mkusanyaji wa masimulizi aandike maneno kama yalivyotamkwa, katika lugha yaliyotamkiwa, na aulize maswali ya wazi: je, nyota zilionekana? Kuku walipanda kulala? Jua lilikuwa upande gani wa mbingu? Tarehe na aziweke pembeni, mbali na matini, ili ajaye baadaye aweze kupima kila kimoja kwa nafasi yake. Waandishi wa Babeli walifanya hivyo bila kujua swali litakaloulizwa baada ya miaka elfu mbili.