Utoto wa Bibi Salme, Binti Sultani wa Unguja

Mwezi wa Agosti mwaka 1844 alizaliwa katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, mtoto wa kike aliyeitwa Salme. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa kabila la Wacherkesi, aliyetekwa kwao angali mtoto na kuuzwa mbali. Kwa sheria ya Kiislamu binti huyu hakupungukiwa na haki yoyote kwa ajili ya utumwa wa mama yake.

Mtoni palikuwa kama mji mzima. Masuria walizungumza Kicherkesi, Kituruki, Kihabeshi na Kiajemi. Kiswahili kilisikika kila ukumbi. Lakini mbele ya Seyyid Said ilipasa kusema Kiarabu. Watoto, wa kiume na wa kike, waliketi mkekani mbele ya mwalimu mmoja, wakasoma Kurani. Kuandika, hata hivyo, kulikuwa kwa wavulana tu. Kalamu ilihesabiwa kuwa si chombo cha mwanamke.

Jilfidan alikuwa na rafiki, suria mwenziwe wa Kicherkesi, naye ndiye mama wa Seyyid Majid. Wawili hao waliahidiana kwamba atakayebaki hai atawalea watoto wa mwenziwe. Mama wa Majid akatangulia. Basi Majid alipopewa nyumba yake mjini, Jilfidan na Salme walihamia kwake, na huko binti akajifunza kupanda farasi na kutumia silaha. Majid alikuwa kwake kaka, na karibu kuwa mzazi.

Wasomaji wa kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, hupenda zaidi habari za kutoroka kwake mwaka 1866 na ndoa yake na mfanyabiashara wa Hamburg. Lakini lipo jambo dogo lililotangulia, nalo lina uzito kuliko hayo. Salme alichukua msahafu na mfupa mpana wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa ubao, akaiga herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Jambo lilipojulikana alilaumiwa; yeye hakujali.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Oman. Salme, mwenye miaka kumi na miwili, alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huohuo Barghash alinuia kumpindua Majid, na Salme akavutwa upande wa Barghash. Watu wa shauri hilo walihitaji mwandishi wa siri, na katika mabibi wa jumba hakuwapo mwenye kalamu ila huyu wa miaka kumi na mitano. Barua dhidi ya Majid zikaandikwa kwa mkono uliozoezwa juu ya mfupa wa ngamia.

Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza. Barghash alipelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Barghash alitawala tangu mwaka 1870, na Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, alikataa kuonana naye.